Historia ya Mapanga ya Kaboni

Katika vyombo vyote alivyovibuni binadamu kwa muradi wa kuifupisha safari, ni vichache vinavyobebeshwa mashaka mfano wa panga la feni lililopo mbele ya injini ya ndege ya jeti, kwa kuwa panga hilo, ambalo kazi yake ni kuivuta hewa na kuisukuma nyuma, halina adui mkubwa kuliko uzito wake lenyewe. Tuchukue kipande cha kilo moja kilichofungwa umbali wa mita moja kutoka kitovu, tukizungushe mara 3,500 kwa kila dakika: kipande hicho kitakwenda mita 366 kwa sekunde moja, mbio zinazoipita sauti, na kani itakayotaka kuking'oa na kukitupa nje italingana na uzito wa zaidi ya tani 13. Mbio zikiongezwa maradufu, kani hiyo haiongezeki maradufu bali mara nne. Wala haimfai kitu mhandisi kulinenepesha panga ili lipate kustahimili, maana kila anachokiongeza katika unene anakiongeza katika uzito pia, na uzito ndio unaovuta. Kwa hiyo katika mashine zizungukazo kwa kasi haitoshi kuuliza maada hii ina nguvu kiasi gani, bali lazima iulizwe ina nguvu kiasi gani kwa kila kilo yake. Kwa mizani hiyo chuma cha pua kina daraja ya wastani. Titani, ambayo uzito wake haufiki theluthi mbili za uzito wa chuma, ina daraja ya juu. Na nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi, ambazo sentimita moja ya ujazo wake ina gramu moja na nusu na kitu kidogo tu, zinavipita vyote viwili kwa mbali.

Hesabu hiyo ni sahihi, na ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza ilipoandikwa. Kisa ninachokusudia kukisimulia ni cha watu waliokuwa na hesabu sahihi, mafundi hodari na ushahidi wa majaribio mengi mkononi, na juu ya hayo yote wakavunjikiwa. Kisha wengine, kwa hesabu ile ile, wakafuzu baada ya robo karne.

Kaboni yenyewe si mgeni katika ufundi. Thomas Edison, alipokuwa akitafuta uzi wa kutoa nuru katika taa yake ya umeme mnamo 1879 na 1880, aliunguza nyuzi za pamba na kisha vibanzi vya mianzi, ikiwamo mianzi iliyotolewa Japani karibu na mji wa Kyoto, akapata makaa membamba yaliyoweza kung'aa ndani ya kioo kisicho na hewa bila ya kuteketea. Makaa yale yalitoa mwanga lakini hayakuwa na nguvu ya kubeba chochote, na ilibidi ipite miaka karibu 80 kabla ya mtu kushuku kwamba ndani ya kaboni mna nguvu iliyofichika. Mwaka 1958 Roger Bacon, mtaalamu wa fizikia katika maabara ya kampuni ya Union Carbide huko Parma, jirani na Cleveland katika jimbo la Ohio, alitengeneza vinyweleo vya grafiti vyenye nguvu iliyomshangaza yeye mwenyewe na wenzake. Na muda mfupi baadaye Akio Shindo, katika taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda mjini Osaka, akaonyesha ya kuwa nyuzi za akriliki, ambazo kwa kawaida hufumiwa fulana za baridi, zinaweza kuunguzwa zikawa nyuzi za kaboni zilizo nzima.

Waliozitia nyuzi hizo nguvu ya kutumika katika mashine walikuwa Waingereza watatu, William Watt, Leslie Phillips na W. Johnson, wa taasisi ya utafiti wa ndege ya dola ya Uingereza iliyokuwa Farnborough. Kati ya 1963 na 1964 waligundua kwamba uzi wa akriliki unapopashwa moto hutaka kujikunja na kufupika, na ukiachiwa ujikunje, chembe zake hukaa shaghalabaghala na kaboni itokayo huwa dhaifu. Bali ukishikwa kwa mvuto usifupike, ukapashwa hewani kwa nyuzijoto mia mbili na zaidi kwa saa nyingi, kisha ukaunguzwa pasipo hewa kwa nyuzijoto elfu moja na kuendelea, chembe za kaboni hujipanga safu kwa safu kuufuata urefu wa uzi. Unene wa uzi huo ni sehemu saba au nane tu za elfu za milimita moja, na uzani kwa uzani hauna mfano katika madini. Serikali ya Uingereza ilikabidhi haki ya kuutengeneza kwa kampuni tatu: Courtaulds waliokuwa na akriliki yao iliyoitwa Courtelle, Morganite waliokuwa mabingwa wa kaboni, na Rolls-Royce ya Derby, iliyokuwa na njaa ya maada nyepesi.

Lakini uzi peke yake si panga. Ili upate kuwa panga, maelfu kwa maelfu ya nyuzi hulazwa sambamba katika shuka nyembamba iliyoloweshwa gundi, shuka hukatwa kwa sura maalumu na kupangwa tabaka juu ya tabaka, kisha hutiwa katika kalibu na kuokwa kwa joto na mgandamizo hadi gundi igande. Kitu kinachotoka humo kina tabia ambayo chuma hakina. Ukikivuta kwa kuufuata urefu wa nyuzi, ni kaboni inayovutwa, nayo haitetereki. Ukikipiga kwa upande, au ukitaka kuyatenganisha matabaka, hakuna kaboni inayozuia, ila gundi tu iliyo baina yake. Watu wa pwani wanaijua tabia hii kwa mwanzi, ambao huweza kulibeba paa miaka na miaka, na mwanzi huo huo ukapasuka toka mwisho hadi mwisho kwa pigo moja linalopita baina ya nyuzi zake.

Rolls-Royce hawakuingia katika jambo hili kwa pupa kama inavyodhaniwa mara nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikwisha kutengeneza injini ndogo ya RB162, ya kuinyanyua ndege wima, ambayo mapanga ya kompresa yake yalikuwa ya nyuzi za kioo na gundi, na ikafanya kazi barabara. Nyuzi za kaboni zilipopatikana waliunda maada yao wakaipa jina la Hyfil, wakaanza kuyafunga mapanga ya Hyfil katika injini za Conway za baadhi ya ndege za VC10 za shirika la BOAC, ili yapate kuonja mvua, mavumbi na baridi ya safari za kweli. Injini ya Conway haikuwa ngeni kwetu: shirika la East African Airways lilianza kurusha Super VC10 zake mwaka 1966, na ngurumo ya injini nne za Conway zilizojipanga mkiani ilikuwa ikijulikana vema Embakasi na Entebbe, ingawa ndege za shirika letu zilibaki na mapanga ya madini.

Kilichogeuza uchunguzi ukawa ahadi ni biashara. Kampuni ya Lockheed ya Marekani ilikuwa inabuni ndege pana ya abiria, L-1011 TriStar, na ilitaka injini yenye feni kubwa, kwa sababu feni kubwa inayosukuma hewa nyingi polepole hula mafuta machache kuliko mdomo mwembamba unaotema hewa chache kwa mbio. Rolls-Royce walileta mchoro wa RB211: injini yenye shafti tatu badala ya mbili, feni ya kipenyo cha zaidi ya mita mbili, na mapanga ya Hyfil. Tarehe 29 Machi 1968 mkataba ukatangazwa, na huko Derby ilipokelewa kama sikukuu. Bei ya injini ilikuwa ya chini, muda ulikuwa mfupi, adhabu za kuchelewa zilikuwa nzito, na gharama ya kuibuni ilikadiriwa kuwa pauni milioni 65.5, ambazo serikali iliahidi kutoa karibu asilimia 70. Adrian Lombard, mkurugenzi wa uhandisi ambaye wenzake walimtegemea kuliko mtu yeyote kuchuja ndoto na kubakiza linalowezekana, alikuwa amefariki ghafla mwaka uliotangulia, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kuwa pengo hilo halikuzibwa kabla ya wino wa mkataba kukauka.

Hapa yafaa tuingie katika majaribio yenyewe, kwa kuwa ndimo siri ya kisa ilimo. Jaribio la asili la kila kitu kizungukacho ni kukizungusha. Gurudumu huteremshwa ndani ya shimo lenye kuta nene za chuma na kifuniko kizito, hewa yote hunyonywa, maana hewa ingelikokota na kulipasha moto, na gurudumu, likining'inia katika ufito mwembamba, huzungushwa na turbini ndogo, mbio zikiongezwa kidogo kidogo hadi zipite zile litakazozikuta kazini, na mara nyingine hadi lipasuke makusudi ili ijulikane mpaka wake uko wapi. Namna ya kupasuka nayo ina maana. Gurudumu la chuma aghalabu hugawanyika vipande vichache vikubwa, ambavyo kila kimoja ni kombora lenye kutoboa ukuta. Ilhali gurudumu la nyuzi na gundi aghalabu huchanikachanika na kusagika likawa ufumwele na vumbi, na wale waliotafuta kuhifadhi umeme katika magurudumu mazito baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973 waliipenda kaboni kwa sababu hiyo pia.

Panga la Hyfil, katika mtihani wa kuzungushwa, lilikuwa mwanafunzi hodari. Nyuzi zake zimelazwa kuufuata urefu wa panga, toka shinani hadi nchani, na kani ya mzunguko huvuta kuufuata urefu huo huo. Ni kusema kwamba mashine iliiuliza maada swali lile hasa ambalo imeumbwa kulijibu. Mapanga yalizungushwa, yalitikiswa ili kutafuta uchovu, yalimwagiwa maji na barafu, na kasoro iliyoonekana ilitafutiwa dawa. Yule aliyekuwa akizisoma taarifa za majaribio hayo mwaka 1969 hakuwa mpumbavu kwa kutumaini.

Ukabaki mtihani wa ndege wa porini. Sheria za anga huitaka injini imeze ndege mwenye mbawa na bado isilete maangamizi, na sharti hilo halikuwekwa kwa kutia chumvi, kwani hakuna kiwanja kisicho na kunguru, mwewe au korongo, na hata juu sana hakuna usalama kamili: tarehe 29 Novemba 1973 tai mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan katika kimo cha zaidi ya mita 11,000. Basi hutwaliwa kuku aliyekwisha kufa, hutiwa katika mzinga wa hewa iliyoshindiliwa, na hurushwa ndani ya injini ikiwa katika mbio zake zote. Mnamo Mei 1970 feni ya Hyfil, ambayo ilikuwa imekwisha kufaulu majaribio mengine, ilirushiwa kuku, ikavunjika vipande vipande.

Mtu asiyezoea mambo haya hustaajabu vipi nyama laini ikavunja kitu kilicho madhubuti kuliko chuma. Jawabu ni kwamba katika mbio za mita mia tatu na zaidi kwa sekunde hakuna kilicho laini. Nyama hutenda kama maji, na maji hayana nafasi ya kukwepa. Kila panga hukata finyango yake, na finyango hiyo huusukuma ukingo wa panga kwa ubavu, si kwa urefu. Wimbi la kujipinda hukimbia kutoka ukingoni kwenda ndani, matabaka hutaka kuteleza moja juu ya jingine, na katika dakika hiyo hakuna kaboni inayosaidia, ila gundi. Gundi ya siku zile ilikuwa kavu na yenye kuvunjika. Ikipata ufa, ufa hupita baina ya matabaka kama karatasi zinazobanduka. Nyuzi nazo, pamoja na nguvu zao zote, hazikuweza kurefuka zaidi ya asilimia moja hivi kabla ya kukatika, ilhali panga la titani likipigwa hupinda, hubonyea, huimeza nguvu ya pigo kwa kujiumiza, na hubaki mahali pake. Kipande cha kwanza kikishang'oka hulipiga panga la pili, na la pili hulipiga la tatu.

Kwa hiyo panga lililoibeba kani ya tani kwa tani pasipo kunung'unika lilishindwa na jambo lililochukua muda mfupi kuliko kufumba jicho. Wala sioni kuwa mapanga yale yalikuwa mabovu. Yalikuwa na nguvu ya aina moja kwa wingi na nguvu ya aina nyingine kwa uchache, na neno moja "nguvu", lililoandikwa katika majedwali ya kulinganisha maada, lilizifunika mbili hizo kana kwamba ni kitu kimoja.

Haki yataka nizuie hapa masimulizi yanayopendwa sana, kwamba kuku mmoja aliifilisi Rolls-Royce. Wakuu wa Derby walikuwa na tahadhari ya kutosha kubuni feni ya titani sambamba na ile ya Hyfil tangu zamani, na titani hiyo ndiyo waliyoigeukia. Lakini titani iliongeza uzito katika injini ambayo tayari ilikuwa nzito, ilikuwa ghali, na ugumu wa kuifua na kuichonga ulikula muda. Tena injini ilikuwa na maradhi mengine makubwa zaidi, kwani msukumo wake ulikuwa pungufu na joto ndani ya turbini lilikuwa kali kuliko yalivyokuwa makadirio. Kufikia Septemba 1970 gharama ya kuibuni ilikuwa imefika pauni milioni 170.3. Serikali ya Edward Heath ilikubali mwezi Novemba kutoa milioni 42 nyingine, na mabenki milioni 18, navyo havikutosha. Tarehe 4 Februari 1971 Rolls-Royce, kampuni ambayo jina lake lilikuwa ndiyo itibari yenyewe, iliwekwa chini ya mfilisi. Serikali iliinunua sehemu ya injini za ndege ikaianzisha upya kwa jina la Rolls-Royce (1971) Limited. Lockheed nayo, iliyokuwa ukingoni mwa kuangamia pamoja na mshirika wake, ilinusurika kwa dhamana ya mkopo ya dola milioni 250 ambayo Baraza la Seneti la Marekani liliipitisha mwezi Agosti kwa tofauti ya kura moja.

Walioiokoa injini walikuwa wazee. Sir Stanley Hooker, mwanahisabati aliyekuwa amekwisha kustaafu, aliitwa Derby, na pamoja naye walirudi Cyril Lovesey na Arthur Rubbra, watu walioanza kazi ya injini kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Walifanya kazi wakizungukwa na madeni na hofu za maelfu ya wafanyakazi ambao hawakujua kama wiki ijayo watalipwa, na Aprili 1972 RB211 yenye mapanga 33 ya titani, kila panga likiwa na vishikizo vya kuegemea wenziwe lisitikisike, ikapata idhini na kuanza kubeba abiria. Baadaye ikawa miongoni mwa injini za kuaminika kabisa za zama zake. Watu wengi wa Oman na Ghuba waliisafiria katika ndege za TriStar za Gulf Air kuanzia 1976, pasipo kujua ni misiba gani iliyoizaa. Watu wa Derby hawakuirudia Hyfil. Walitafuta wepesi kwa mlango mwingine: panga pana la titani lililo tupu ndani, likijazwa sega jembamba la titani hiyo hiyo, ambalo liliingia kazini mwaka 1984 katika injini ya RB211-535E4, na kwa maoni yangu ni kazi ya ufundi isiyopungua heshima mbele ya kaboni yoyote.

Kaboni ilingojea Marekani. Kampuni ya General Electric, ambayo makao ya injini zake ni Evendale karibu na Cincinnati, haikuwa imejifunga kwa mkataba wowote wa kuitumia kaboni kwa haraka, na fursa hiyo ndiyo waliyoitumia vizuri. Katika miaka ya 1980 walijenga injini ya ajabu iliyoitwa GE36, ambayo mapanga yake ya nyuzi na gundi yalizunguka nje, wazi hewani, ikaruka mwaka 1986 ikiwa imefungwa katika Boeing 727. Biashara yake haikutokea, kwa sababu mafuta yalikuwa yameshuka bei, lakini tajiriba ya mapanga ilibaki. Boeing ilipoanza kuibuni ndege ya 777, Brian Rowe, Mwingereza aliyehamia Marekani na kupanda hadi kuwa mkuu wa injini za General Electric, aliamua kwamba injini mpya, GE90, itakuwa na mapanga ya kaboni. Naye aliamua hivyo akijua fika yaliyowapata Derby.

Nini kilikuwa kimebadilika? Karibu kila kitu, isipokuwa ile hesabu ya mwanzo. Nyuzi mpya ziliweza kurefuka karibu maradufu ya zile za 1968 kabla ya kukatika. Gundi mpya ilichanganywa na chembe laini zilizokaa baina ya matabaka, ili ufa ukianza upate kitu cha kuuzuia usikimbie. Ukingo wa mbele, unaopokea pigo, ulivikwa titani. Panga lenyewe lilifanywa pana na nene, karibu sentimita kumi za unene shinani likipungua hadi chini ya sentimita moja nchani, urefu wa mita moja na robo hivi, na uzito wake hauzidi kilo 23; na feni ilizungushwa kwa mbio za nchani zilizo ndogo kuliko za injini nyingi zilizotangulia, ili pigo la ndege lipungue ukali. Kwa maneno mengine, hawakuitafuta tena nguvu ile ambayo kaboni tayari inayo kwa wingi. Waliitafuta ile iliyopungukiwa, na kwa ajili hiyo walikuwa radhi kupoteza sehemu ya wepesi waliokuwa wameufuata. GE90 iliingia kazini na British Airways mnamo Novemba 1995. Panga la ndugu yake mkubwa, GE90-115B, ambalo mapinda yake yana uzuri usiokusudiwa kupendeza macho, limewekwa katika jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, na nadhani limestahili.

Mitihani nayo haikusimama mahali pamoja. Sheria za leo hupanga uzito wa ndege wa porini kwa ukubwa wa mdomo wa injini, na kwa injini kubwa kabisa huyo mmoja mkubwa ana kilo 3.65, kisha kuna makundi ya ndege wadogo na wa kadiri, ambayo injini ikishayameza haitakiwi tu kuepuka maangamizi, bali iendelee kusukuma. Ulio mkali kuliko yote ni mtihani wa panga kung'oka. Injini kamili, yenye thamani ya mamilioni, hufungwa katika jukwaa la majaribio, kama lile la General Electric lililo Peebles katika vilima vya Ohio. Baruti kidogo hutiwa katika shina la panga moja. Injini hupandishwa hadi mbio zake za mwisho, na baruti hulipuliwa. Panga hutoka na kulipiga kasha la feni, na kasha lazima lilizuie lisitoke nje, huku injini nzima ikiwayawaya kwa kukosa mizani na ikiwa haina ruhusa ya kuwaka moto wala kung'oka katika bawa. Hapo kaboni ikapata faida ambayo hakuna aliyeitaja mwaka 1968: panga jepesi linalovunjika vipande hulipiga kasha kwa ukali mdogo kuliko panga zima la chuma, na kwa hiyo kasha nalo likaweza kupunguzwa uzito. Katika injini ya GEnx, inayozirusha Boeing 787 za Kenya Airways zilizoanza kuwasili Nairobi mwaka 2014, mapanga 18 ya feni ni ya nyuzi za kaboni, na kasha linaloyazunguka ni la nyuzi za kaboni vilevile.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa wafumaji. Kama udhaifu uko baina ya matabaka, walijiuliza wataalamu wa Safran wa Ufaransa, kwa nini pawe na matabaka? Katika injini ya LEAP, ambayo Safran na General Electric huitengeneza kwa ushirika wao wa CFM International, nyuzi hazilazwi shuka juu ya shuka. Hufumwa kwa mtambo katika pande tatu kwa mara moja, urefu, upana na kina, likatoka pande moja nene lenye sura ya panga, nyuzi zake zikipita kutoka uso huu hadi uso wa pili. Baada ya hapo pande hilo hutiwa katika kalibu na gundi husukumwa ndani ijaze kila upenyo. Ufa ukitaka kukimbia kama ulivyokimbia katika Hyfil, hukuta kila hatua uzi wa kaboni umesimama njiani. LEAP ilianza kubeba abiria mwaka 2016. Rolls-Royce nao walirejea katika kaboni kwa hatua za taratibu: mwaka 2014 mapanga yao ya kaboni yenye kingo za titani yalirushwa Arizona katika ndege ya majaribio, na mwaka 2023 injini ya UltraFan, yenye feni ya kipenyo cha sentimita 355 hivi, iliwashwa Derby kwa mara ya kwanza.

Shirika la Air Tanzania lina njia zote mbili katika kiwanja kimoja. Boeing 787 zake husukumwa na Trent 1000 za Derby, zenye mapanga ya titani yaliyo tupu ndani, na Boeing 737 MAX iliyopokelewa mwaka 2023 husukumwa na LEAP zenye mapanga ya kaboni iliyofumwa. Kwa mujibu wa sheria, injini ya kwanza ilipaswa kummeza ndege wa kilo 3.65, na ya pili, kwa kuwa mdomo wake ni mdogo, ndege wa kilo 2.75, na zote mbili zilifaulu kabla abiria wa kwanza hajapanda.